Chekeche la Milimita Tatu

Jicho liliingia mjini kupitia Kasumbalesa,
ndani ya sanduku la mbao, limeshazeeka kazini kwingine.
Siku tatu kwenye foleni,
na upande wa pili wa barabara malori ya shaba
yakitoka, yakitoka, yakitoka.
Afisa wa forodha akauliza: mashine ya nini hii?
Profesa Kyembe akamjibu: ya kutazama.
Akaandika: televisheni.

Mimi ndiye mlishi wake.
Kwanza nainyonya hewa yote tumboni mwake,
pampu inakoroma mchana kutwa,
maana elektroni haipiti penye msongamano,
itagongwa, itapotea.
Kisha naomba. Naiomba SNEL
kama mama wa Katuba mwenye mihogo juani
anavyoliomba wingu.

Tunachokitazama hakina unene.
Nakosea: kina unene wa atomi moja,
kaboni, kila moja imeshika jirani watatu,
seng'enge ya banda la kuku
ambalo kuku wake hajazaliwa.
Tunaiotesha juu ya karatasi ya shaba
tanuruni, kwenye digrii elfu moja.
Halafu shaba tunaiyeyusha.

Hapo baba akanikata neno.
Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya tanuru
chini ya lile bomba refu la moshi,
mkono wake wa kushoto hauna vinyweleo hadi leo.
"Mnaiyeyusha? Mnaimwaga?"
Tunaimwaga, baba. Inageuka maji ya buluu.
"Na kinachobaki?"
Kinaelea juu ya maji, hakionekani.
Nakiopoa kwa chekeche la milimita tatu.
"Chekeche la nini?"
La shaba.
Alicheka mpaka akakohoa.

Kabla ya jicho, naiuliza kwa nuru ya kijani.
Nuru inagonga, inarudi kijani vilevile,
ila chache, chache mno katika mamilioni,
hurudi na rangi nyingine
kama mtoto aliyetumwa soko la M'zee
akarudi na chenji pungufu:
kwa kilichopungua najua alikopita.
Mchoro una vilele viwili.
Cha pili kikikizidi cha kwanza mara mbili, ni tabaka moja.
Kikichomoza cha tatu, kifupi, kushoto,
pana jeraha.

Jumamosi baba akaja,
amevaa koti la harusi ya Mwadi.
Nikazima taa. Kwenye kioo nukta nyeupe,
safu, safu, safu.
"Hizi ni nini?"
Atomi.
"Zenyewe?"
Kivuli chao, baba. Lakini ni wao.
Akanyamaza muda mrefu. Kisha kidole chake
kikaenda moja kwa moja penye pengo,
nukta moja haipo
na jirani zake wameinama kidogo.
"Tofali limeng'oka hapa."
Nilikuwa nimetazama saa nzima, sikuliona.

Sikumwambia kwamba huenda tuliling'oa wenyewe,
kwamba mwali ukizidi ukali
kutazama ni kugonga nyundo.
Nilishusha volti, elfu themanini hadi sitini,
nikashusha pumzi pia.

Saa tisa na dakika kumi, giza.
Pampu ikakata roho katikati ya neno.
Dizeli iliisha tangu Alhamisi.
"Kuinyonya tena itachukua muda gani?"
Siku nzima.
"Na kile kipande?"
Sijui.

Akawasha tochi ya simu. Pembeni mwa meza
chekeche la wiki iliyopita, limekunjika.
"Hili mnalitupa?"
Tunalitupa.
Akalifunga ndani ya noti ya faranga mia tano,
akalitia mfuko wa shati,
akaondoka kwa mguu, njia ya kilima cheusi cha taka za tanuru
alichokilundika yeye na wenzake.

Nikabaki na daftari na kalamu ya risasi.
Sampuli ya arobaini na moja: pengo moja.
Aliyeliona: Kabange, mstaafu wa tanuru.
Nikabonyeza sana, gizani, ili isomeke,
kaboni ikibanduka tabaka kwa tabaka
nami sizihesabu.